Si kila hatia ya jimbo jingine huongeza kifungo Marekani

MTU anaposhtakiwa upya nchini Marekani, kiongozi wa mashtaka huchunguza kwanza rekodi yake ya awali. Lakini taifa hilo lina majimbo 50, na kila moja hujitungia sheria zake za jinai. Je, hatia aliyopatikana nayo mtu jimboni Georgia yaweza kumzidishia kifungo akikosa tena New York?

Yaweza, ila kwa masharti. Katika majimbo mengi mahakama haitazami jina la kosa bali yale ambayo upande wa mashtaka ulilazimika kuthibitisha kule kesi ya kwanza ilikosikizwa.

California, kwa mfano, ilipitisha sheria ya 'makosa matatu' mwaka wa 1994. Mwenye hatia moja ya awali ya kosa baya au la ghasia hupewa kifungo maradufu akitenda jinai nyingine. Mwenye hatia mbili aweza kufungwa miaka 25 hadi maisha, ingawa tangu 2012 kosa la tatu nalo sharti, kwa kawaida, liwe la aina hiyo. Hatia ya jimbo jingine huhesabiwa tu ikiwa inatimiza viungo vyote vya kosa husika la California.

Ugumu uko hapo. Mwaka wa 2015, mahakama ya juu zaidi ya jimbo la New York iliamua kesi ya mtu aliyewahi kukiri jaribio la unyang'anyi jijini Washington. Sheria ya jiji hilo huita unyang'anyi hata kumchomolea mtu kitu kwa siri, kama wafanyavyo wezi wa mifukoni. New York hudai nguvu au vitisho. Kwa hivyo, mahakama ilisema hatia hiyo haikufaa kumzidishia adhabu.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imefuata mkondo uo huo mwaka wa 2013. Mshtakiwa wa kosa la bunduki alikuwa amefungwa miezi 262 chini ya sheria ya kitaifa, zaidi ya maradufu ya kifungo ambacho angepata, kwa sababu, miongoni mwa mengine, ya hatia ya kuvunja nyumba California mwaka wa 1978. Sisi husema 'kuvunja', lakini sheria ya California haidai mtu avunje chochote: wakati huo, aliyeingia dukani mchana, mlango ukiwa wazi, akinuia kuiba, alikuwa ametenda kosa hilo. Jaji Elena Kagan, akiandika kwa niaba ya majaji wengi, alisema hatia ya namna hiyo haihesabiki.

Kwa nini jaji asisome tu faili ya zamani ajue kilichotendeka? Kwa sababu Katiba humpa mshtakiwa haki ya ukweli unaozidisha adhabu kuamuliwa na juri, yaani jopo la raia. Isitoshe, mtu hakuwa na sababu ya kupinga jambo ambalo halikuwa na uzito katika kesi yake ya kwanza. Mahakama ya Juu ya California ilikubaliana na hoja hiyo mwaka wa 2017.

Ni kweli kwamba utaratibu huu humnusuru pia aliyetumia nguvu, kwa vile tu sheria ya kwingine iliandikwa kwa upana. Lakini mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka. California, rekodi isipoeleza kosa lilitendwa vipi, mahakama huchukulia kwamba lilikuwa lile jepesi zaidi.