Kabla hatujamlipa mshawishi wa mitandao



Katika vikundi vya kushona hapa Lubumbashi, kuanzia Katuba mpaka Ruashi, swali moja linarudi kila mara: je, tutoe pesa kwenye kasha la kikundi ili msichana fulani mwenye wafuasi maelfu na maelfu kwenye TikTok avae robe yetu? Mabinti zetu wanasema ndiyo, kwa sababu wateja wa leo wanachagua nguo ndani ya simu. Mama zetu wakubwa wanauliza: na kama hakuna anayekuja kununua, pesa itarudi kwa njia gani? Pande zote mbili zinasema kweli. Ndiyo maana wiki hii tunalizungumza jambo hili kwa utaratibu, maana pesa ya kasha ni minervali ya mtoto wa sekondari, ni dawa, ni unga.

Jambo lenyewe si geni

Sisi Wakongo tumejua nguvu ya kutajwa kabla ya simu kufika. Wanamuziki wetu wamezoea kutupa mabanga: anayelipa anasikia jina lake ndani ya wimbo, na mji mzima unamjua. Papa Wemba, aliyefariki Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, aliwafundisha vijana wengi kupenda nguo nzuri. Alichovaa yeye, wengine walikitafuta. Na kule Lomé, nchini Togo, wamama wafanyabiashara walioitwa Nana Benz waliuza vitenge vya Vlisco ya Uholanzi kwa kuvipa majina. Kitenge kikishapata jina, mteja hana haja ya kueleza rangi na maua. Anataja jina tu, na jirani yake anakiulizia kwa jina lilelile.

Kwa hiyo mshawishi wa mitandao anafanya kazi ya zamani kwa chombo kipya. Tunalopaswa kujua ni kama kazi yake italeta wateja mpaka kwenye mashine yetu.

Tufanye hesabu kwanza

Tuchukue mfano. Kikundi kinauza robe dola 25. Kitenge kimegharimu dola 12. Uzi, zipu na bitana dola 3. Kazi ya fundi dola 5. Zinabaki dola 5, na humo bado hatujaondoa umeme wala pango la atelie. Mshawishi akiomba dola 50 kwa video moja, lazima video hiyo ituletee wateja 10 wapya ili turudi tu pale tulipokuwa. Kama kikundi kinashona robe 4 kwa wiki, ni wiki mbili na nusu za kazi bila faida.

Hesabu hii haisemi tukatae. Inasema tujue namba yetu kabla ya kukaa na mtu mezani. Kila kikundi kiandike kwenye kaye: faida ya nguo moja ni kiasi gani, na ni nguo ngapi tunaweza kumaliza kwa wiki bila kuharibu kazi. Kuna kikundi kinachoweza kupata komande 30 kwa siku moja na kushindwa kuzimaliza. Hapo sifa iliyonunuliwa inageuka kuwa aibu, kwa sababu mteja aliyengoja nguo ya sikukuu bila kuipata atalisimulia jambo hilo sokoni na kanisani.

Wafuasi wake wako wapi?

Mtu anaweza kuwa na wafuasi 40,000, na wengi wao wako Kinshasa, Paris au Matonge ya Brussels. Watapenda robe yetu, wataandika maneno matamu, lakini hawatakuja kupimwa kiuno. Kama kikundi hakina njia ya kutuma mizigo mbali, wafuasi hao ni watazamaji tu.

Basi tumwombe mshawishi atufungulie kwenye simu yake ukurasa wa takwimu. Facebook, Instagram na TikTok humwonyesha mwenye akaunti ya kazi wafuasi wake wanatoka wapi. Akikataa kuonyesha, tuanze kujiuliza. Tusome pia maoni chini ya video zake. Kama wafuasi ni maelfu lakini maoni ni machache, au ni alama za moto na mioyo peke yake, huenda wafuasi hao wamenunuliwa. Maoni tunayotafuta ni ya namna hii: «Bei gani?», «Mko wapi?», «Mnashona na saizi kubwa?» Anayeuliza hivyo ana haja ya nguo.

Washawishi wa karibu

Kabla ya kwenda mbali, tuwahesabu wale wa mtaani: mwimbishaji wa kwaya, mama wa saluni, mwalimu anayevaa vizuri, bibi harusi, mama anayeendesha sherehe za ndoa. Kila mmoja wao anaweza kuwa na watu 200 au 300 wanaotazama status yake ya WhatsApp, na watu hao wanamjua kwa sura. Akisema kwamba mshono haufumuki, wanamwamini, kwa sababu wanaweza kumshika mkono na kuuangalia wenyewe.

Tukumbuke namna status inavyofanya kazi. Inakaa saa 24 tu, na kwa kawaida anayeiona ni yule aliyeandika namba yetu ndani ya simu yake, nasi tumeandika yake. Kwa hiyo kila mteja anapochukua nguo, tumwombe aihifadhi namba ya kikundi papo hapo. Hilo halidai hata franka moja.

Mtu wa namna hii mara nyingi hahitaji kulipwa pesa taslimu. Tunaweza kumshonea libaya, au kumpa nguo moja kila anapoleta wateja 10. Tunampa kazi ya mikono yetu, na kasha linabaki salama.

Mapatano yaandikwe

Tukikubaliana na mshawishi, mdogo au mkubwa, tuandike kwenye karatasi, hata kama ni mtoto wa dada yetu. Video ngapi? Siku gani? Zitabaki kwenye ukurasa wake kwa muda gani? Je, nasi tunaweza kutumia picha zile? Tulipe nusu mwanzo na nusu baada ya kazi kuonekana. Tumwombe pia aseme waziwazi kwamba nguo amepewa na kikundi. Wateja wakigundua wenyewe baadaye, wataona wamedanganywa.

Ili kujua nani ameleta wateja, tufuate akili ya wamama wa Lomé: kila modeli ipewe jina, na kila mshawishi atangaze jina lake tofauti. Anayekuja kuomba «Furaha» ametoka kwa mama wa saluni. Anayeomba «Neema» ametoka kwa msichana wa TikTok. Tupige mstari kwenye kaye kila jina linapotajwa. Baada ya mwezi mmoja, mistari itatuambia nani wa kuendelea naye.

Heshima na usalama wetu

Tusitangaze nguo ambayo hatujaishona. Picha iliyochukuliwa kwenye ukurasa wa mtu wa Lagos au Abidjan inaleta komande haraka, na ugomvi vilevile, siku mteja anapoona nguo yake haifanani nayo. Picha iwe ya kazi yetu, imepigwa mchana penye mwanga, mishono ikionekana.

Hakuna anayepaswa kupigwa picha bila ridhaa yake, na kwa mtoto, wazazi waulizwe. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina sheria ya mambo ya dijitali, inayogusa biashara ya mtandaoni pamoja na ulinzi wa habari za watu. Binti asilazimishwe kuvaa au kucheza namna asiyoitaka kwa sababu video itapendwa. Tusiweke anwani ya nyumbani. Mteja mpya tukutane naye atelie au sokoni. Na akilipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, tuangalie salio letu wenyewe kabla ya kutoa nguo. Ujumbe anaotuonyesha kwenye simu yake unaweza kuwa wa uongo.

Wiki hii

Sikukuu hazingoji. Kwa 8 Machi, kwa 30 Juni au kwa Noeli, tangazo litoke wiki tatu au nne mapema, fundi apate muda wa kushona na mteja apate muda wa kukusanya pesa. Katika mkutano ujao, kila kikundi kilete mambo matatu: faida ya nguo moja, idadi ya nguo kinazoweza kumaliza kwa wiki, na majina ya wamama watano wa mtaa ambao watu hupenda kuvaa kama wao. Tutaanza na hao watano. Mwezi ukiisha tutafungua kaye pamoja, tuhesabu mistari, ndipo tutajua kama kuna haja ya kufungua kasha kwa ajili ya mtu wa mbali.