Jina la Rubani na Jina la Mpagazi

Tarehe 24 Oktoba 1940 ndege za kivita za Italia ziliuangushia mji wa Malindi mabomu. Wanafunzi wengi wa pwani ninaowauliza habari hii hunitazama kana kwamba nawatolea hadithi ya paukwa pakawa. Vita vya Hitler, wanadhani, vilipiganwa Ulaya.

Vilipiganwa hapa pia, na miongoni mwa waliokufa ni vijana waliorusha ndege. Uingereza na Afrika Kusini zilileta marubani Kenya kuwakabili Waitalia waliokuwa Somalia na Uhabeshi. Baadhi yao hawakurudi, na miili yao haikuonekana. Hata hivyo majina yao hayakupotea. Mwanahewa wa majeshi ya Jumuiya ya Madola aliyefia Afrika Mashariki akakosa kaburi linalojulikana, jina lake limechongwa katika ukumbusho wa Alamein, huko Misri. Mama yake alikuwa na mahali pa kuweka kidole akasema: huyu ndiye mwanangu.

Sina kinyongo na kijana huyo. Kumkumbuka ni haki yake, na kanuni iliyomhifadhi ni nzuri: tangu mwaka 1917 tume iliyoundwa kushughulikia makaburi ya vita iliahidi kwamba kila marehemu ataandikwa kwa jina, wala cheo hakitatazamwa. Ninalouliza ni hili: je, ahadi hiyo ilifika Kilifi?

Haikufika. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni iliwataka Wagiriama watoe vijana wa kufanya kazi mbali na kwao. Mekatilili wa Menza alikuwa amekwisha kuwalisha watu kiapo cha kukataa. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Wagiriama waliposhindwa walitozwa faini ya fedha, na juu yake wakatakiwa kutoa vijana wa kazi. Wakati huo kazi ilikuwa ni kubeba mizigo ya vita.

Wapagazi hao wa Afrika Mashariki walikufa kwa maelfu mengi. Makadirio ya wanahistoria yanapita 40,000. Wengi hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara, malaria na njaa. Kumbukumbu yao kubwa ni majina ya mitaa, Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, na ni ajabu wangapi hununua nguo humo bila kujua wanatamka jina la kikosi cha wapagazi. Yapo pia masanamu ya mwaka 1927 yaliyosimamishwa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam. Yamewasifu askari na wapagazi kwa jumla, hata kwa Kiswahili. Jina la mtu hakuna.

Haikuwa bahati mbaya. Wakubwa wa wakati ule waliamua kwamba kwa Mwafrika sanamu moja ya wote ingetosha. Mwezi Aprili 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri hivyo, na waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Katika vita vya pili mambo yalibadilika kidogo. Makaburini Nairobi, katika barabara ya Ngong, upo ukumbusho wenye majina ya askari wa Afrika Mashariki, wakiwamo waliozama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944 baada ya kung'oa nanga Mombasa.

Basi nawageukia walimu wenzangu. Radhi ya London haiwezi kutuandikia majina. Hata tume ikipekua nyaraka zote, mpagazi aliyetolewa kama sehemu ya faini huenda hakuandikwa popote ila katika vinywa vya jamaa zake. Vitengeni, Ganze na Kaloleni wako wazee ambao babu zao walichukuliwa. Mgiriama humpa mjukuu jina la babu, kwa hivyo jina la aliyepotea pengine linaitwa kila asubuhi darasani, katika daftari la mahudhurio. Mwanafunzi na amwulize bibi yake: nimeitwa kwa nani, naye alifia wapi? Jibu aliandike kwa wino, pamoja na jina la kijiji.