Sahani ya Jirani Iongeze Damu

Huku Pemba sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiletewa muhogo wa nazi, nawe hurudisha shelisheli au ndizi. Desturi hii ni njema, lakini mara nyingi wanga hujibiwa kwa wanga. Mtoto hushiba, huku damu yake ikipungua.

Uchunguzi uliofanywa kisiwani miaka ya 1990 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa shule waliopimwa walikuwa na upungufu wa damu. Chanzo kimoja kikubwa kilikuwa minyoo ya safura. Basi dawa ya minyoo, choo na viatu ni muhimu. Lakini damu iliyopotea hujengwa upya kwa chakula.

Akina mama, tukirudisha sahani tutie dagaa, choroko, au kisamvu kilichotwangwa na kuiva vizuri. Wakati wa kula tukamulie ndimu, maana huusaidia mwili kupata madini ya chuma. Chai tuinywe baadaye, kwani huyazuia.

Na mtoto aliyepauka viganja, anayechoka upesi, tumpeleke kituo cha afya. Huyo asingoje sahani.