Paa Shambani, Bunduki Ukutani

Ukienda likizo Nyamache ukamkuta paa akila maharagwe, usiikimbilie bunduki ya babu. Bunduki ya marisau ina siri mdomoni. Mdomo ulio wazi hutawanya marisau mapema. Paa hujeruhiwa, akaenda kufia kichakani. Je, dawa ni mdomo uliobanwa sana? La! Marisau makubwa husongamana humo, yakabonyea na kwenda kombo. Ndiyo maana mwindaji wa Marekani hujaribu kwanza kwenye karatasi. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, na chini ya sheria ya 2013 hata kuwinda kitoweo ni kosa. Waarifu KWS. Maharagwe hupandwa tena, paa je?