Kabla ya bumu la kwanza

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai; vyuo vingi nchini Tanzania hufunguliwa Oktoba au Novemba. Katikati hapo nyumba nzima huhangaikia mkopo, godoro na ndoo. Suala la pombe husubiri stendi, mizigo ikishapakiwa: "Usije ukatuaibisha huko."

Hapo mzazi amechelewa. Nchini Marekani, Rob Turrisi wa Pennsylvania State University na wenzake waliwapa wazazi kijitabu cha kuwaongoza kuzungumza na vijana wao kuhusu pombe. Kilisaidia pale kilipotumika kabla kijana hajaripoti chuoni. Akishafika na kupata kundi lake, faida ilififia.

Kijana huyu amemaliza kidato cha sita, kwa hiyo katika mazungumzo hayo apewe hesabu. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za alkoholi. Ini huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, kwa hiyo chupa moja huchukua saa mbili au zaidi. Viroba, yaani pombe kali ya vifuko, vilipigwa marufuku Tanzania Machi 2017, lakini pombe kali ya chupa ndogo ipo: robo lita ya asilimia 35 hubeba karibu gramu 70, sawa na bia tatu na nusu, na kwenye sherehe ya bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, huisha kwa dakika chache. Kahawa, ndimu na kuoga maji baridi haviharakishi ini.

Tena kilevi huendelea kupanda kwenye damu hata mtu akishaacha kunywa, maana kilichomo tumboni bado kinafyonzwa. Ndiyo hatari ya "mwacheni alale, itamtoka." Anaweza kutapika usingizini na kupaliwa bila kushtuka. Asiyeamka akitikiswa, anayepumua polepole au kwa kukatakata, au aliyepoa mwili na kubadilika rangi midomo, alazwe ubavu, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali mara moja.

Wenzake husita kumpeleka kwa sababu wanamwogopa wadeni, na zaidi wanaogopa habari kufika nyumbani. Mzazi aliyeapa "ukinywa usirudi kwangu" amechangia kimya hicho. Simwambii aruhusu, kwani vijana wanaojua wazazi wao hawaoni shida wakinywa huelekea kunywa zaidi chuoni. Akataze waziwazi, kisha aongeze: "Likitokea la kutokea, lako au la mwenzako, nipigie hata saa nane usiku. Kwanza hospitali, maneno baadaye." (Baba anayeyasema haya akiwa na chupa ya tatu mezani ajue hesabu ile inamhusu pia.)

Kama baba na mwana hawajazoea kuongea zaidi ya ada na matokeo, kazi hiyo apewe mjomba au shangazi, mradi awe mtu asiyezima simu usiku.