Neema si Fuliza: Kwa wewe unayehisi hufai

Kuna maneno utayasikia sana ukikaa na vijana mtaani Jumapili asubuhi, wakati spika za kanisa la mabati zinanguruma ng'ambo ya barabara. "Nitarudi kanisani, lakini acha kwanza nijipange." Mmoja anangoja apate kazi. Mwingine anangoja aache pombe. Mwingine alijifungua akiwa kidato cha tatu na hataki macho ya kina mama wa viti vya mbele. Kila mmoja ana sababu yake, lakini ukisikiliza vizuri wote wanasema jambo moja: kwa sasa sifai.

Hisia hiyo haikuanzia kanisani. Hapa Kenya tunapimwa tangu utotoni. Ukikosa C+ katika KCSE, mlango wa kwenda chuo kikuu moja kwa moja unafungwa. Ukitafuta kazi, unaambiwa ulete tajriba ya miaka mitatu, na hujawahi kuajiriwa. Ukichelewesha mkopo, jina linapelekwa CRB. Wengine wetu tuliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokosekana, na hadi leo kwenye harusi za ukoo tunaulizwa, "Kwani utamaliza lini?" Ni swali dogo, lakini unaweza kutembea nalo wiki nzima. Kisha unafungua simu, na mliosoma nao wako Diani, wako Dubai, wamevishana pete.

Ukipimwa hivyo miaka kadhaa, unaanza kujipima mwenyewe bila kungoja mtu. Mwisho unadhani hata Mungu anapiga watu msasa kabla ya kuwafungulia mlango.

Deni linalokatwa kabla hujaona pesa

Fuliza unaijua. Huna kitu kwenye M-Pesa, lakini unanunua tokeni za stima za mia mbili na zinaingia. Siku mbili baadaye beshte anakutumia mia tatu ya kukusaidia. Kabla hujashukuru, nyingi imekatwa. Hakuna aliyekudanganya, ndivyo mkopo ulivyo.

Wengi wetu tunaielewa neema ya Mungu kwa njia hiyohiyo. Tunaamini anaweza kutuokoa leo, lakini kesho kikiingia chochote kizuri maishani atakikata. Ukipata kazi ikapotea, unasema analipisha ya 2019. Ukisamehewa, unaanza kulipa kwa mikesha, kwa kufunga, kwa sadaka ambayo ilikuwa pesa ya kodi ya nyumba. Na kuna wahubiri wanaochochea moto huo: panda mbegu ya elfu moja, uvune muujiza. Mtu aliyekuja akijiona hana thamani anaondoka akijiona hana thamani na hana nauli.

Lakini mafundisho ya Kikristo yenyewe hayako hivyo. Neema ni wema wa Mungu kwa mtu ambaye hakuufanyia kazi. Paulo, aliyekuwa akiwasaka Wakristo na kuwatia jela kabla ya kuwa mmoja wao, anafundisha katika barua yake kwa Waefeso kwamba wokovu ni zawadi, ili asiwepo mtu wa kujigamba kwamba aliupata kwa jasho lake. Zawadi ukiilipia, imeacha kuwa zawadi.

Hotuba iliyokatizwa

Simulizi ya mwana mpotevu katika Luka 15 tumeisikia tangu Sunday school. Kijana anadai urithi baba akiwa hai, anaenda kuuponda raha mbali, anaishia kulisha nguruwe. Kuna kitu kidogo ambacho wengi hukipita. Akiwa kule kwa nguruwe, anajiandalia hotuba yenye sehemu tatu: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako, niajiri kama kibarua.

Hiyo sehemu ya tatu ndiyo Fuliza. Alikuwa amepanga kulipa polepole, apate chakula na ajue mahali pake.

Anapofika, anasema ya kwanza na ya pili. Ya tatu haifiki. Baba, ambaye alishamkimbilia barabarani, anaita watumishi walete vazi, pete na viatu. Hakubishana naye kuhusu kustahili, maana kweli kijana hakustahili. Alikataa tu kumwandika kazi ya kibarua nyumbani kwake mwenyewe.

Na usimsahau kaka mkubwa. Yeye hakuondoka nyumbani hata siku moja, lakini anamlalamikia babake kwamba amemtumikia miaka yote bila kupewa hata mwanambuzi wa kusherehekea na marafiki. Kumbe naye alikuwa akihesabu mshahara. Kwa hivyo ukimwona mtu wa viti vya mbele anakutazama vibaya, jua anaweza kuwa anasumbuliwa na ugonjwa uleule wako, ila yeye anadhani ameshalipa.

Neno letu 'bure'

Kiswahili kina neno la ajabu hapa. Mtu akitaka kukuumiza atakuambia, "Wewe ni bure kabisa." Maana yake huna kazi, huna faida. Lakini kitu usicholipia pia tunakiita bure. Tusi na zawadi zinatumia neno moja. Labda ndiyo maana tunashuku kitu cha bure: tunaona ni lazima kiwe na kasoro, au anayekipokea ana kasoro.

Neno neema nalo wakulima walilijua kabla ya wahubiri wa mjini. Mwaka wa neema ni mwaka wa mvua na mavuno. Na mvua ikinyesha haiulizi shamba ni la nani na mwenyewe aliamka saa ngapi.

Sasa si watu watafanya watakavyo?

Hilo ni swali la haki, na Paulo aliulizwa mapema sana. Tazama mpangilio katika Luka 19. Zakayo ni mtoza ushuru, tajiri wa pesa za watu. Yesu anamwita ashuke mtini na kumwambia leo atakaa kwake. Wakati huo Zakayo hajarudisha hata ndururu. Ni baada ya kupokewa ndipo anaahidi nusu ya mali kwa maskini, na kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Hakuna aliyemtumia bili.

Mwingine ni John Newton, Mwingereza aliyeandika wimbo wa Amazing Grace kwa ibada ya Mwaka Mpya wa 1773. Huyu alikuwa nahodha wa meli za watumwa kutoka Afrika Magharibi. Inauma zaidi ukijua kwamba baada ya kumlilia Mungu kwenye dhoruba ya baharini mwaka wa 1748, aliendelea na biashara hiyo miaka kadhaa. Hakubadilika usiku mmoja. Lakini mwaka wa 1788, akiwa kasisi anayeheshimika, alichapisha kijitabu akieleza ukatili alioushuhudia na kuushiriki, akiwaunga mkono waliotaka biashara hiyo ikomeshwe. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuipiga marufuku mwaka wa 1807, mwaka aliofariki.

Neema haikumfanya Newton aseme yaliyopita si kitu. Anayeogopa kufukuzwa huficha. Anayejua hatafukuzwa anaweza kutaja yote, kuomba msamaha na kurudisha cha watu. Kwa hivyo kama kuna mtu ulimkosea, neema haikuruhusu umkwepe. Inakuondolea tu kisingizio kwamba umeharibika kiasi cha kutoweza kuanza.

Uje hivyohivyo

Kila Misa ya Kikatoliki, muda mfupi kabla ya komunyo, waumini wote wanakiri kwamba hawastahili Bwana aingie kwao. Maneno hayo yanatokana na ofisa wa jeshi la Kirumi katika Mathayo 8, ambaye Yesu alimsifu kwa imani yake. Kisha nini hufuata? Watu wanapanga foleni na kupokea. Wamesema hawastahili wakiwa njiani kuelekea mezani.

Wewe neno lilelile unalitumia kubaki nje. Hilo ndilo la kubadilisha wiki hii, na halihitaji viatu vipya. Ingia ibada moja, keti nyuma ukipenda. Au mwambie mtu mmoja unayemwamini jinsi unavyojiona, bila kupunguza. Na kama mzigo umefika mahali unahisi dunia ingekuwa sawa bila wewe, usibaki nao peke yako keja. Mwambie mtu leo hii, na umtafute mshauri au daktari pia. Kutafuta msaada si ukosefu wa imani.

Kujipanga ni kuzuri, endelea. Ila usikufanye sharti la kurudi nyumbani.