Kasuku Haombwi Radhi kwa Maneno

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii aghalabu huambiwa binadamu juu ya binadamu mwenziwe. Leo twaomba ruhusa ya wasomaji wetu tuitumie kwa kiumbe mwingine, ambaye ijapokuwa amejaaliwa ulimi wa kusema, hana namna ya kwenda kwa Sheha kupeleka malalamiko yake. Kiumbe huyo ni kasuku.

Tumeona tuandike juu yake kwa sababu mbili. Kwanza, wapo miongoni mwetu waliorithi ndege hawa kwa wazee wao. Kasuku wa kijivu akitunzwa vyema huweza kuishi miaka 40 hata 60, basi mara nyingi hubaki duniani baada ya yule aliyemfuga. Pili, wapo watumishi wa Serikali ambao kwa kazi yao, bandarini au kwenye viwanja vya ndege, huenda wakajikuta wamekabidhiwa ndege aliyekamatwa katika magendo. Mrithi na mtumishi huyo wanakutana na swali moja: ndege aliyekwisha kumwogopa binadamu, arejeshwe vipi?

Tutajibu kwa kisa cha nyumbani, nacho ni kisa cha aibu. Mwandishi atakisema kwa nafsi yake, kwa kuwa kosa lilikuwa lake.

Mjomba wangu alikuwa baharia. Katika miaka ya 1980 meli yake ilitia nanga Matadi, bandari ya Kongo, naye akanunua huko kasuku mchanga na kurudi naye Unguja. Wakati huo biashara ya ndege hao ilikuwa bado inaruhusiwa. Alimwita Serahangi, kwa jina la msimamizi wa mabaharia melini. Waliishi pamoja zaidi ya miaka 30, na miaka ya mwisho, mjomba alipokuwa mgane, hawakuwa na mwingine ndani ya nyumba. Kila jioni mjomba alipotoka msikitini alipiga hodi, ijapokuwa nyumba ilikuwa yake na funguo zilikuwa mkononi mwake. Kutoka ndani alijibiwa kwa sauti yake mwenyewe: "Karibu, nahodha!"

Mjomba alipofariki, mama alimchukua Serahangi akamleta nyumbani kwetu. Mjomba hakuacha picha nyingi, wala hakuna aliyepata kurekodi maneno yake. Sauti yake ilibaki kwa ndege yule tu.

Wiki za mwanzo Serahangi alijikunyata pembeni mwa tundu, na siku moja aliniuma kidole mpaka damu ikatoka. Nilikwenda barazani nikalalamika. Mtu mmoja akaniambia kwamba kasuku ni kama mtoto asiye na adabu, hana budi kuonyeshwa nani mwenye nyumba. Nami nikasikia. Asubuhi yake nilimtupia taulo, nikamshika kwa nguvu, na binamu yangu akamkata manyoya ya mbawa zote mbili kwa mkasi. Kazi yenyewe haikufika dakika tano. Tulipomwachia, alijaribu kuruka juu ya kabati kama alivyozoea, akaanguka kifudifudi juu ya sakafu ya saruji.

Tangu siku hiyo hakusema neno. Akiuona mkono wangu alipiga ukelele. Baada ya muda alianza kujinyonyoa manyoya ya kifuani, mpaka ngozi ikaonekana. Mama hakunilaumu kwa siku kadhaa. Halafu akasema, "Mwanangu, sauti ya kaka yangu ilikuwa imebaki kwa ndege huyu. Umeinyamazisha."

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza jambo ambalo lilinipasa nilijue kabla ya kushika taulo.

Kasuku si mbwa wala ng'ombe. Mababu wa wanyama hao walifugwa kwa maelfu ya miaka. Kasuku wa kijivu, hata yule aliyezaliwa tunduni, bado ana moyo wa mwituni. Katika misitu ya Kongo huishi kwa makundi. Macho yake yako pande mbili za kichwa apate kuona hatari kutoka kila upande, na kinachomjia ghafula kutoka juu na kumkamata mgongo, kwake yeye, ni mwewe. Basi mtu anayemfunika taulo kwa kishindo hamfundishi adabu. Anamthibitishia khofu aliyozaliwa nayo.

Wala si ndege mjinga. Mwaka 1977 mtaalamu mmoja wa Marekani, Irene Pepperberg, alinunua kasuku wa kijivu katika duka la Chicago, akamwita Alex. Mpaka ndege huyo alipokufa mwaka 2007 alikuwa amejifunza majina zaidi ya 100, akitaja rangi, maumbo na idadi mpaka sita, kwa kujua anachokisema na si kwa kuiga tu. Tena mwaka 2020 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba kasuku wa kijivu aliyekuwa na vipande vya chuma vya kubadilishia chakula, akiona kwamba yeye hana nafasi ya kuvibadilisha lakini jirani yake anayo, alimpa jirani vipande vyake pasipo malipo. Kiumbe anayejua kutoa hivyo hashindwi kukumbuka aliyemnyang'anya.

Jambo la kwanza tulilofanya ni kutafuta kama ndege ni mgonjwa, maana kujinyonyoa manyoya huweza kuletwa na maradhi kabla ya huzuni. Afisa mifugo tuliyemwendea alisema kweli, kwamba amesomea zaidi ng'ombe, mbuzi na kuku. Lakini hakutufukuza. Alimtazama pasipo kumshika, akatafuta vitabu, akarudi kwetu mara mbili. Hakuona utitiri wala ugonjwa wa ngozi. Alilolikemea ni chakula: karanga na alizeti asubuhi na jioni, vyenye mafuta tele na vitamini A kidogo. Tukaanza kumpa mchicha, boga, karoti, papai na pilipili hoho. Tulionywa tusimpe kamwe parachichi, chokoleti, chai wala kahawa, kwa kuwa ni sumu kwake. Tundu tukaliondoa karibu na jiko na mbali na chetezo, maana mapafu ya ndege hayavumilii moshi, hata ukiwa wa udi. Tukaliweka penye ukuta nyuma yake, asipate mtu wa kumjia kwa kisogo, na kila usiku tukamwachia saa kumi au zaidi za giza na utulivu.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi, nalo ni kutofanya kitu. Kila jioni niliketi mbali na tundu, ubavu ukimwelekea, nikasoma gazeti hili kwa sauti ya wastani. Sikumkodolea macho wala sikunyosha mkono. Kabla ya kuingia chumbani nilipiga hodi, ili asishtuke. Kabla ya kubadilisha maji nilisema "maji", na kabla ya chakula nilisema "chakula", kila siku kwa maneno yale yale. Mwenye kuogopa hutulizwa na kulijua litakalofuata.

Katika wiki hizo nilijifunza kumsoma. Mboni za macho zikipanuka na kusinyaa upesi upesi, manyoya ya shingo yakisimama, au mwili ukiegemea nyuma, alikuwa ananiambia "basi". Zamani nilikuwa naendelea, na alipouma nilidai kwamba ameuma ghafula. Hakuna ghafula. Kasuku husema mara tatu nne kwa mwili kabla ya kusema kwa mdomo, na tusiposikia tunamfundisha kwamba lugha inayofahamika kwetu ni kuuma peke yake. Basi nikawa narudi nyuma hatua moja mara tu anapoegemea, kabla hajalazimika kujitetea. Ajabu ni kwamba kadiri nilivyokuwa mwepesi wa kurudi nyuma, ndivyo alivyozidi kuniacha nisogee.

Jambo la tatu ni lile la wahenga, kwamba mkono mtupu haulambwi. Tuliangalia anapenda nini kuliko vyote, tukakuta ni chikichi, ambayo tuliletewa na jamaa zetu wa Pemba. Wala si ajabu, maana tunda la mchikichi ndilo riziki kubwa ya kasuku wa kijivu huko misituni. Chikichi tukaiondoa katika chakula chake cha kawaida. Hatukumnyima shibe, kwani kumshindisha ndege njaa ili akutii ni jeuri nyingine. Ikawa chikichi hutoka kwangu mimi tu. Mwanzo niliiweka bakulini nikaondoka. Baada ya miezi miwili aliichukua nami nikiwa nimesimama pale. Mwezi wa tano aliipokea kwenye ncha ya ufito mrefu, nami nikawa naupunguza ufito kidogo kidogo, hata katika mwezi wa saba akaichukua vidoleni.

Tulirudi nyuma pia. Usiku wa Sikukuu fataki zililipuka uchochoroni, na kwa wiki mbili hakutaka kuniona. Siku nyingine mtoto alibamiza mlango, tukaanza tena kwenye ufito mrefu. Aliniuma mara mbili. Sikupiga kelele wala sikupiga tundu. Niliuteremsha mkono taratibu, nikajiuliza ni ishara gani niliyoipuuza.

Manyoya ya mbawa yaliyokatwa hayakui tena kutoka pale yalipokatwa. Sharti kigutu cha zamani kidondoke chenyewe, ndipo unyoya mpya uchipuke, na kazi hiyo yaweza kuchukua mwaka mzima. Nadhani ilikuwa ni kheri. Kila nilipoona haraka inanijia nilizitazama mbawa zile, nikakumbuka kwamba jambo la dakika tano bado linalipwa.

Mwezi wa kumi Serahangi aliweka mguu mmoja juu ya kiganja changu, akauondoa, akaurudisha, kisha akapanda. Alikaa muda wa kula chikichi moja. Sikumshika.

Mwisho wa mwaka, jioni moja ya mvua za vuli, nilitoka msikitini, nikapiga hodi kwenye mlango wa chumba kama nilivyofanya kila siku. Kutoka ndani ikaja sauti ya mjomba: "Karibu, nahodha!" Mama alikuwa uani akikuna nazi. Mkono wake ulisimama juu ya mbuzi. Hakusema kitu. Baada ya kitambo aliendelea kukuna.

Hicho ndicho kisa. Sasa tuseme neno kwa wanaohusika.

Kwa wananchi wenzetu twasema: asiyekuwa na kasuku asimtafute. Ndege hawa hunaswa kwa ulimbo misituni, na wengi hufa kabla ya kumfikia mnunuzi. Kwa ajili hiyo, katika mkutano wa mwaka 2016 uliofanyika Johannesburg, mataifa ya mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini yalimpandisha kasuku wa kijivu katika daraja la ulinzi wa juu kabisa, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa mwituni imepigwa marufuku. Tanzania imo katika mkataba huo tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Anayemnunua ndege wa namna hiyo kwa siri gatini ananunua khofu pamoja na ndege. Lakini aliyerithi ndege wa zamani asimtelekeze wala asimfungulie aruke, maana hana msitu wake hapa. Amtunze, na kama amemkosea, ajue kwamba muda wa suluhu hupangwa na aliyekosewa.

Kwa wakuu wa idara zinazohusika tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, katika kila kisiwa awepo walau afisa mifugo mmoja aliyepewa mafunzo ya ndege wa nyumbani mbali na kuku. Nia tumeiona kwa maafisa wenyewe, kinachopungua ni elimu. Pili, ndege anayekamatwa akabidhiwe mtunzaji mmoja, mahali palipo kimya, asipitishwe mkono kwa mkono kutoka ofisi hii hadi ile. Tatu, asitolewe mbele ya waandishi apigwe picha akiwa ameshikwa shingo. Katika hili la tatu sisi wa magazeti hatuna budi kujilaumu pia, kwani picha hizo tunaziomba sisi.

Hatukukusudia kumfananisha mwananchi na kasuku. Hata hivyo, mtumishi yeyote aliyepata kwenda katika kijiji kilichowahi kuahidiwa kisima na kisipate, anajua jinsi watu wanavyoutazama mkono kabla ya kuyasikiliza maneno. Hapo pia hotuba ya pili haitengenezi kilichoharibiwa na ya kwanza. Kinachotengeneza ni kuja siku ile uliyosema utakuja, na kitu kile ulichosema utakileta, mara nyingi, pasipo kudai shukrani.

Serahangi siku hizi hupanda mkononi kila jioni, na mbawa zake zimekamilika. Taulo, lakini, bado hatuzianiki mahali anapoweza kuziona.